Dhana ya "Saa" Katika Mafunzo ya Marabi: Mbona Rabi Yehuda Analia?

Utangulizi

Sisi wanafunzi wa fasihi tuna ugonjwa mmoja. Tukipewa matini yoyote yenye harufu ya dini, tunakimbilia "funzo". Hatuulizi nani anasimulia, wala kwa nini neno fulani limerudiwa mara tatu. Tunaandika tu: "Dhamira kuu ni umuhimu wa kutumia wakati vizuri", tunapiga mstari, tunahamia swali la pili.

Makala hii inakusudia kuonyesha kwamba kwa upande wa mafunzo ya marabi wa Kiyahudi juu ya thamani ya kila saa ya uhai, jibu hilo siyo tu fupi mno, bali limekosea njia. Marabi hawafundishi ubahili wa muda. Hawasemi wakati ni mali. Wanasema jambo gumu zaidi: kwamba saa moja ya mtu ina uzito wake yenyewe, hata kama mtu huyo hafanyi kitu, hata kama amebakiza saa hiyo moja. Na wanalisema kwa njia ya hadithi. Kwa hiyo ni kazi ya mhakiki, siyo ya mhubiri peke yake.

Matini yenyewe

Kwanza tufahamiane na matini. Mishna ni mkusanyo wa sheria na semi za marabi uliopangwa huko Galilaya mnamo mwaka 200 B.K. Una vitabu vidogo 63. Aliyeupanga, kwa mujibu wa mapokeo, ni Rabi Yehuda HaNasi, kiongozi wa Wayahudi wa nchi hiyo chini ya utawala wa Kirumi. Alikuwa mtu wa heshima kiasi kwamba katika matini hizi likitajwa neno "Rabi" bila jina, basi ni yeye.

Baadaye, huko Babeli, nchi ambayo leo ni Iraki, wanazuoni waliijadili Mishna kwa karne kadhaa. Mijadala yao ndiyo Talmudi ya Babeli, iliyochukua sura yake takriban karne ya 5 na ya 6. Msomaji asidhani Talmudi ni kitabu cha mahubiri. Ni kama baraza. Huyu anasema hivi, yule anapinga, wa tatu anatoa kisa, na mara nyingi hakuna anayefunga mjadala. Kwa hiyo anayesema "marabi wanafundisha kwamba..." inampasa aulizwe: rabi yupi, na nani alimjibu?

Saa yao na saa yetu

Hapa msomaji wa Kiswahili ana bahati. Neno la Kiebrania kwa saa ni sha'ah. Ni ndugu wa neno la Kiarabu ambalo sisi tulilichukua tukapata "saa". Na undugu hauishii kwenye sauti. Marabi walihesabu saa za mchana kuanzia asubuhi, kama tunavyohesabu sisi. Mishna inapoeleza mwisho wa muda wa kusoma sala ya asubuhi, Rabi Yehoshua anasema ni mpaka saa tatu, kwa sababu watoto wa wafalme huamka saa hiyo. Mzungu akisoma hapo inambidi apige hesabu apate saa tisa yake. Sisi tunaelewa moja kwa moja, tena tunacheka, maana hapa chuoni nako watoto wa wafalme tunao.

Jambo la pili: kama kwetu, neno hilo halina maana ya dakika 60 peke yake. Tunaposema "saa ile ile akaanguka", hatusemi habari za kipimo. Tunasema: pale pale, kitambo kile. Sha'ah nayo inabeba maana zote mbili, kipimo na kitambo. Tulishike hilo, kwa sababu hadithi zinazofuata zimesimama juu yake.

Hadithi tatu, kiitikio kimoja

Katika Talmudi kuna kitabu kiitwacho Avoda Zara, kinachohusu uhusiano wa Wayahudi na waabudu sanamu. Ndani yake, katika karatasi ya 10, ya 17 na ya 18, mna visa vitatu vya watu wasiojuana. Kila kisa kinaishia vilevile: sauti inatoka mbinguni ikitangaza kwamba fulani amepata uzima wa ulimwengu ujao, kisha Rabi analia na kusema kwamba wapo wanaoununua ulimwengu wao kwa miaka mingi, na yupo anayeununua kwa saa moja. Hii ni takriri ya makusudi, na tuiite kiitikio.

Kisa cha kwanza ni cha Ketia bar Shalom. Kaisari mmoja anawachukia Wayahudi, anawauliza washauri wake kama mtu mwenye uvimbe mguuni aukate apone au auache ateseke. Wote wanasema ukatwe. Ketia peke yake anapinga, na hoja yake inashinda. Lakini sheria ya pale ni kwamba anayemshinda mfalme kwa hoja hufa. Akiwa njiani kwenda kuuawa, anajitahiri mwenyewe, ajiunge na watu aliowatetea. Mali yake anawaachia Rabi Akiva na wenzake.

Kisa cha pili ni cha Elazar ben Durdia, na hapa watu wa adabu nyingi wavumilie. Huyu bwana hakuacha kahaba hata mmoja. Akasikia habari za mwanamke mmoja katika miji ya pwani anayetoza mfuko mzima wa fedha. Akabeba mfuko, akavuka mito saba. Wakiwa pamoja, mwanamke akatoa upepo, na wafasiri wengi wanasema ni ule wa tumboni. Akamwambia: kama upepo huu usivyorudi ulikotoka, ndivyo toba ya Elazar isivyopokelewa. Mswahili angesema maji yakimwagika hayazoleki. Mtu yule akashtuka. Akaenda akaketi katikati ya milima, akaiomba imwombee rehema. Milima ikakataa, ikasema inajiombea yenyewe kwanza. Akaziomba mbingu na nchi, jua na mwezi, nyota pia. Zote zikakataa. Ndipo akatambua kwamba jambo hili halina mwingine ila yeye. Akaweka kichwa kati ya magoti, akalia mpaka roho ikamtoka. Na sauti ya mbinguni inapomtaja, inamwita Rabi Elazar! Mtu wa makahaba anapewa cheo kile kile alichonacho anayelia.

Kisa cha tatu kinatokea wakati wa mateso ya Kirumi yaliyofuata uasi wa Bar Kokhba wa mwaka 132 hadi 135. Rabi Hanina ben Teradion amekamatwa akifundisha Torati hadharani. Anafungwa ndani ya gombo la Torati na kuwashiwa moto. Sufi iliyoloweshwa maji inawekwa kifuani pake ili asife upesi. Wanafunzi wake wanamsihi afumbue kinywa, moto uingie, apumzike. Anakataa: roho aichukue Yule aliyeitoa, mtu asijidhuru mwenyewe. Kisha yule aliyeamriwa kumchoma (tumwite mnyongaji, ingawa hapa hakuna kitanzi) anamwuliza: nikizidisha moto na kuiondoa sufi, utaniingiza katika ulimwengu ujao? Rabi Hanina anakubali, anamwapia. Mnyongaji anafanya hivyo, Rabi anakata roho, na mnyongaji naye anajitupa motoni. Sauti inawaita wote wawili.

Kwa nini Rabi analia?

Hilo ndilo swali la makala hii, na matini haijibu. Msimulizi anatuonyesha chozi, anatuachia sababu.

Jibu jepesi ni kwamba Rabi ana uchungu wa mfanyakazi wa zamani. Yeye kajitesa miaka yote kusoma, kufundisha na kupanga Mishna, halafu anakuja mhuni mmoja, au mnyongaji, anapata mshahara ule ule kwa saa moja. Hivi ni haki? Jibu hili lina ukweli wa kibinadamu, na hatulitupi.

Lakini tukisoma visa vyote vitatu pamoja, sababu nyingine inajitokeza. Kama saa moja inaweza kubeba ulimwengu mzima, basi kila saa ingeweza. Ile ya jana mchana, ambayo Rabi hata haikumbuki, nayo ilikuwa na uwezo huo huo. Anayelia hapa siyo mtu aliyepunjwa. Ni mtu aliyegundua ghafla kwamba mali iliyopita mikononi mwake ilikuwa kubwa kuliko alivyodhani.

Tutazame pia kitenzi. Kiebrania kinatumia kitenzi cha sokoni, kununua, kujipatia. Hiki ni kinaya. Lugha ni ya biashara, lakini biashara yenyewe imevunjika: miaka 70 na saa moja zinanunua kitu kile kile. Mchezo huo wa hesabu umo pia katika Avot, kitabu cha semi ndani ya Mishna. Hapo Rabi Yaakov anasema kwamba saa moja ya toba na matendo mema katika ulimwengu huu inazidi maisha yote ya ulimwengu ujao. Papo hapo anageuka na kusema kwamba saa moja ya raha ya ulimwengu ujao inazidi maisha yote ya ulimwengu huu. Basi ipi ni kubwa? Msomaji anayetafuta jibu la mizani ataumwa kichwa. Usemi umejengwa hivyo makusudi ili mizani ikatike.

Katika Avot hiyo hiyo, Rabi Eliezer anamwagiza mtu atubu siku moja kabla ya kufa. Talmudi inaeleza kwamba wanafunzi wake walimwuliza: kwani mtu anaijua siku yake? Akawajibu kwamba ndiyo sababu atubu leo, huenda akafa kesho. Kwa njia hiyo maisha yote yanakuwa siku moja kabla.

Aliyedharau uhai wa saa

Sasa mtu anaweza kusema: sawa, lakini visa hivi vinasifu saa iliyotumika vizuri, kwa toba au kwa ujasiri. Tumerudi pale pale, tusipoteze muda!

Pingamizi hili ni zito, na Talmudi yenyewe inalo. Wanasimulia kwamba Rabi Shimon bar Yohai na mwanawe walijificha pangoni miaka 12 wakiwakimbia Warumi, wakisoma Torati mchana kutwa. Walipotoka wakawaona watu wanalima na kupanda. Rabi Shimon akakasirika: hawa wanaacha uzima wa milele wanashughulika na uhai wa saa! Kila walipotupa macho paliungua. Hapo ikatoka sauti mbinguni. Haikuwapongeza. Iliwauliza kama wametoka kuuharibu ulimwengu, ikawarudisha pangoni miezi 12 mingine. Mbingu zenyewe zimesimama upande wa mkulima na jembe lake.

"Uhai wa saa" ni istilahi. Hapo imetumiwa kwa dharau. Lakini istilahi hiyo hiyo inarudi mahali pengine ikiwa imevaa nguo nyingine. Mishna inasema kwamba nyumba ikimwangukia mtu siku ya Sabato, kifusi kiondolewe, ingawa kazi hiyo imekatazwa siku hiyo, tena hata kama kuna shaka kwamba yumo au hayumo, yu hai au amekufa. Akionekana yu hai, waendelee. Talmudi inauliza: si jambo la wazi hilo? Kwa nini litamkwe? Jibu: limetamkwa kwa ajili ya uhai wa saa. Yaani hata kama anayechimbuliwa ameumia kiasi kwamba hataishi ila kitambo, Sabato inavunjwa kwa ajili ya kitambo hicho. Wanachimba mpaka puani, waone kama kuna pumzi.

Tutafakari picha hiyo. Mtu aliye chini ya mawe hawezi kufanya tendo jema. Labda hata fahamu hana. Hakuna awezacho kununua. Lakini siku takatifu kuliko zote za wiki inasimama kumpisha.

Sheria nyingine ya Mishna inasema anayemfumba macho mtu wakati roho inatoka ni kama amemwaga damu. Wanazuoni wakaifafanua kwa taswira ya taa inayofifia: ukiigusa kwa kidole, inazimika. Hapa ndipo tafsiri ya "tusipoteze muda" inapovunjika kabisa. Uhai wa saa hauthaminiwi kwa sababu ya faida yake. Unathaminiwa kwa kuwa ni uhai.

Mtungi wa mjakazi

Kama mafunzo yangeishia hapo, tungekuwa na kanuni safi, na kanuni safi haziumizi. Lakini msimulizi anaturudisha kwa Rabi Yehuda mwenyewe, yule mwenye machozi. Sasa ni zamu yake.

Rabi anaumwa. Wanazuoni wamefunga na wanaomba bila kukatiza, na wametangaza kwamba atakayesema Rabi amekufa achomwe upanga. Mjakazi wa nyumba ile anapanda darini. Mwanzoni anaomba walio chini wawashinde walio juu, yaani Rabi abaki duniani. Lakini yeye ndiye anayemwuguza. Anaona jinsi bwana wake anavyokwenda chooni mara kwa mara, na kila mara inambidi avivue vile visanduku vya ngozi vyenye maandiko ambavyo Wayahudi hujifunga wakati wa sala, kisha avivae tena, kwa maumivu. Anageuza maombi yake: walio juu washinde. Maombi ya chini hayakatiki. Basi anachukua mtungi anautupa kutoka darini. Unavunjika kwa kishindo. Waombaji wananyamaza kitambo. Katika kitambo hicho, Rabi anafariki.

Tuone jinsi fani inavyosema. Mtu aliyelia kwa sababu ya saa moja anaondoka kwa kitambo kimoja cha kimya. Na anayekifungua kitambo hicho siyo rabi, ni mtumishi asiyetajwa hata jina. Talmudi haimlaumu wala haimsifu. Inasimulia, inanyamaza.

Waliokuja baadaye hawakunyamaza. Karne ya 14, Rabi Nissim wa Barcelona alikitumia kisa hiki kusema kwamba upo wakati inapofaa kumwombea mgonjwa afe. Karne ya 16, Rabi Moses Isserles wa Kraków aliandika kwamba ni haramu kumharakisha anayekata roho, kwa mfano kumvuta mto kichwani, lakini inaruhusiwa kuondoa kinachomzuia, kama kelele za mtu anayepasua kuni karibu na nyumba. Mtungi wa mjakazi unasikika ndani ya kelele hizo. Kidole hakigusi taa, lakini nani alisema lazima upasue kuni hapo nje?

Wala siyo mambo ya kale tu. Mwaka 2005 bunge la Israeli lilipitisha sheria juu ya wagonjwa walio katika hatua ya kufa. Kamati iliyoiandaa, chini ya Profesa Avraham Steinberg, ilikutana na swali la mashine ya kupumulia: kuizima si ni kugusa taa? Pendekezo lao lilikuwa kuifungia mashine kifaa cha saa, ili tiba isiwe mfululizo mmoja bali vipindi, na kipindi kikiisha watu waamue upya kama waanze kingine. Kifaa cha saa! Mtu akicheka asidhani ni ujanja wa mawakili. Ni watu wanaojaribu kuwaheshimu kwa pamoja Rabi Hanina aliyekataa kufumbua kinywa na mjakazi aliyeona maumivu.

Hitimisho

Makala hii imejaribu kuonyesha kwamba neno moja, saa, linapita katika hadithi na sheria hizi likibadilika: saa inayonunua ulimwengu, saa inayodharauliwa na mtu wa pangoni, saa ya mtu wa kifusini, na kitambo cha mtungi. Anayechukua moja tu ataandika "dhamira" nzuri na kuikosa matini. Ukishika taa peke yake, utamwacha mgonjwa ateseke kwa jina la thamani ya uhai. Ukishika mtungi peke yake, utaona wepesi kumkatia mtu pumzi kwa jina la huruma. Marabi walihifadhi vyote viwili, na hawakuvipatanisha.

Mwandishi wa makala hii alizisoma hadithi hizi kwa mara ya kwanza wakati wa likizo moja, nyumbani, huku babu amelala chumba cha pili. Wageni walipouliza hali, watu wa nyumbani tulijibu kwa mazoea: "Huyu sasa tunangoja tu." Hakuna aliyekusudia ubaya. Lakini baada ya kusoma habari za kifusi, lile neno "tu" lilianza kukwama kooni. Babu alikaa siku tisa zaidi. Hakutubu hadharani, hakutoa wosia, hakusema neno la kuandikwa kitabuni. Siku moja aliomba dirisha lifunguliwe, akasikiliza kuku.

Swali tunalowaachia wasomaji ni hili: katika mizani ya uhakiki wetu, siku tisa zile tungeziandika chini ya dhamira gani? Wenye maoni tofauti wasikae kimya, kurasa ziko wazi.